Mgonjwa wa Saa Tatu

Mimi si mtu wa simu. Ndugu zangu wanajua: ukinipigia nitaongea kama anayelipishwa kwa neno, kisha nikate. Lakini kulikuwa na majuma fulani ya msimu wa mvua ambapo saa tatu asubuhi ilikuwa ikinikuta nimefunga mlango wa ofisi, simu iko mezani, na mtu akibisha namjibu vibaya mpaka anaenda zake.

Nilikuwa nafanya kazi Bungoma, katika ofisi ndogo ya chama cha wakulima upande wa Mabanga. Tulikuwa tumepewa kompyuta moja kuukuu tuiwekee maktaba ya masomo ya kilimo, video za kukausha mahindi na kutibu ng'ombe, ili mkulima aje na simu yake achukue somo bila kumaliza bando. Programu yenyewe ni ya bure, ya wale watu wanaoandika kazi yao na kuiacha wazi, yeyote aichukue na kuirekebisha. Inakuja ndani ya kontena, yaani imefungashwa pamoja na kila kitu inachohitaji ili isigombane na programu nyingine kwenye mashine. Waliotufundisha walisema kuiweka ni kazi ya dakika kumi. Waongo wakubwa.

Aliyeiweka kwao ikakubali ni dada mmoja wa ofisi yetu ya Kitale. Ana kwa ana nilikuwa nimemwona kwenye mafunzo ya siku mbili tu, hukohuko Kitale. Wazazi wake ni wakulima, Wakikuyu wa Central waliohamia Trans-Nzoia zamani. Mimi ni Mbukusu wa Kamukuywa. Siku ya pili, wakati wa chai, alikaa karibu nami, akanimegea nusu ya andazi lake bila kuniuliza kama nalitaka, akaendelea kueleza mambo ya seva. Nilirudi Bungoma nikiwa nimekwisha.

Kontena yangu ilikuwa ikiwaka, ukihesabu mpaka tatu hivi, inakufa. Nikampigia.

"Nisomee mstari wa mwisho," akasema. "Si wa kwanza. Watu wote husoma wa kwanza."

Mstari wa mwisho ulisema programu imenyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda.

"Hiyo folda uliitengeneza kwa akaunti gani?"

"Ya msimamizi mkuu, madam."

"Na kwa nini?"

Nikamweleza ukweli. Ofisini kwetu kitu kisichopitia kwa mkubwa hakiendi popote. Hata kalamu inatoka kwenye kabati lake, na ufunguo anatembea nao. Kwa hivyo nilifikiri nikitumia jina la mkubwa wa mashine, hakuna kitu kitakachonikatalia. Alicheka mpaka akakohoa. Programu, akasema, inaingia kazini kama mfanyakazi wa kawaida, na wewe umempa folda yenye kufuli la bosi. Tukabadilisha mwenye folda, kontena ikasimama, nami nikasikitika, kwa sababu simu ilikuwa imekwisha.

Mungu si mchoyo. Kesho yake ilikuwa imekufa tena. Bungoma radi si mchezo, na mama anayetupikia chai aliwahi kuona televisheni ya jirani yake ikiungua huku watu wanaitazama. Mawingu yakikusanyika tu mchana, yeye huzunguka ofisi zote akichomoa kila waya ukutani, hamuulizi mtu, hata kama unaandika barua. Asubuhi akizirudisha waya na stima, yaani umeme, ikaingia, kompyuta inaamka, lakini kontena inabaki imelala mpaka mtu aiamshe. Nikampigia tena Kitale. Tangu siku hiyo akawa ananipigia yeye, saa tatu kamili.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Amekufa, madam."

"Haya, tumfufue."

Kumfufua kulichukua dakika mbili. Yaliyobaki yalikuwa maongezi. Aliniambia jinsi baba yake anavyokemea kuku kwa Kikuyu na ng'ombe kwa Kiswahili. Alinitania kwamba watu wa kwetu tunachanganya l na r, nikamkumbusha kwamba hata kwao hizo herufi mbili hazijapatana. Alikuwa ameomba apewe namba ya siri ya mashine yetu ili awe anaingia kutoka kule kutazama, nikampa mara moja. Angeniomba hata ya benki ningempa.

Asubuhi moja akasema, kwa sauti ileile ya kusoma makosa ya mashine, kwamba kuna watu wanataka kuja nyumbani kwao Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Watu gani?"

"Watu wa kuniuliza, wa posa. Mwenyewe anauza nafaka, yuko kanisani kwetu. Ni mtu mzuri." Akaongeza: "Mama amenipa mpaka Ijumaa ya kabla yake niseme kama waje au wasije."

Mtu mwenye akili angejua hapo ndipo pa kusema neno. Mimi nilimwambia ngoja niangalie kama folda iko sawa. Nikaangalia folda. Ilikuwa sawa.

Jumanne ya juma lililofuata, nikisoma maelezo ya ile programu, nikapata dawa mwenyewe. Ni neno moja tu unaloongeza kwenye maagizo ya kontena, linaloiambia iamke yenyewe kila stima inaporudi. Nikaliongeza. Mchana mvua ikapiga, mama wa chai akachomoa waya zake zote. Jumatano nikaingia ofisini nikakuta kontena imeamka, maktaba inafanya kazi, video zinacheza vizuri kabisa.

Nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikaogopa. Huyu mgonjwa akipona, yule atanipigia kwa sababu gani?

Saa tatu kasoro dakika kumi nikaandika amri ya kuizima. Simu ikalia.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Amekufa tena, madam."

Nilifanya hivyo asubuhi saba. Naona aibu kuyaandika haya, mtu mzima mwenye cheti na funguo za ofisi, lakini sitasema nilikuwa na huzuni siku zile. Nilikuwa nanyoa ndevu kwa ajili ya simu. Na mpaka leo, miaka miwili imepita na nimehama ofisi ile, ikikaribia saa tatu mwili wangu unajua kabla sijatazama saa. Namkumbuka hadi inauma.

Njiani kwenda kazini, juu ya baiskeli, nilikuwa nikijifunza maneno ya kumwambia. Niliyapanga vizuri: kwamba wale watu wasije, kwamba nina mjomba anayejua kuongea na wazee, kwamba Kamukuywa na Kitale si mbali. Kila asubuhi niliyafikisha mpaka mlango wa ofisi.

Ijumaa yenyewe ikafika. Nikazima kontena kama kawaida. Saa tatu akapiga, lakini hakuuliza habari za mgonjwa.

"Nimeingia kwenye mashine yenu," akasema. "Unajua kila amri inaandikwa, na jina la aliyeitoa?"

Nilijua. Sijui kwa nini nilikuwa nimesahau.

"Ni wewe unaizima. Kila siku, saa tatu kasoro dakika kumi. Nimeona tangu Alhamisi ya juma lililopita."

Alhamisi. Kwa hivyo asubuhi zote zile alikuwa akijua, na bado alikuwa akipiga.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Nikasikia akivuta kiti, akikaa. "Sasa niambie. Unaizima kwa nini?"

Maneno yalikuwepo yote, kwa mpangilio wake.

"Nilikuwa naijaribu tu," nikasema. "Kuona kama itaamka yenyewe."

Nikamsikia akibonyeza vitufe vya kompyuta yake.

"Na inaamka?"

"Inaamka."

"Basi imepona," akasema. "Acha nimwambie mama waje."