Waya Alioufunga Baba

Usiku ule nililala nikiwa nimegombana na Mama kwa sababu ya friji.

Jioni alikuwa akipiga deki jikoni, miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa. Akashika mlango wa friji, akaruka. "Imeniuma tena," akasema, akicheka kama mtu aliyetaniwa. Nikamwomba aniruhusu nifungue kisanduku cha umeme pale ukutani nirekebishe. Akakataa. Tangu Baba azikwe hakuna aliyekifungua kile kisanduku. Baba alikifunga kwa mikono yake, na Mama hukifuta vumbi kama anavyofuta picha yake.

"Una digrii ya umeme, sawa," akasema. "Lakini kazi ya mume wangu huisahihishi kwa kalamu nyekundu."

"Mama, utakufa."

"Basi nitamkuta."

Alisema kwa utani. Nililala nikiligeuzageuza neno lile, nikitafuta utani wenyewe uko upande gani, nisiuone.

Nilijua kilichomo mle ndani. Mwaka wa mwisho wa Baba, wezi wa vyuma chakavu waling'oa fimbo ya shaba iliyochimbiwa nyuma ya nyumba, ile inayopeleka umeme wa ajali udongoni. Baba hakuwa na nyingine. Akauunganisha waya wa ardhini, unaotoka kwenye vyuma vya vifaa vya ndani, na waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme nguzoni, mle mle kisandukuni, kwa kipande kifupi cha waya. Mafundi wengi wa mtaani kwetu hufanya hivyo, na taa zinawaka, na watu wanashukuru. Ila nyutro ikilegea huko nguzoni, umeme hukosa njia ya kurudi, ukahamia kwenye vyuma vya ndani: friji, pasi, jiko. Na friji yetu ilikuwa inazidi kuuma.

Usingizi ukanichukua nikiwa bado nahesabu njia za kumshawishi. Nikamwona Baba.

Hakuwa yule wa wodini, mifupa na macho. Alikuwa amerudia mwili wake, shati limembana tumboni. Amesimama jikoni mbele ya kisanduku, nami nashangaa kwa nini jikoni kunanuka dawa ya hospitali. Nageuka, na jikoni ni ile korido ndefu ya wodi. Kisanduku kipo palepale ukutani. Maji yanapita sakafuni, yanamfika Baba vifundoni. Nataka kumwambia atoke majini, lakini nawaza: je, maiti hupigwa na umeme? Na nikimwonya, je, hatakumbuka kwamba amekufa, akaondoka? Nanyamaza ili asiondoke.

Baba anafungua kifuniko. Ananionyesha kipande cha waya mweusi, kifupi kama kidole.

"Niliuweka wa muda, mama yangu," anasema. Ameniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Najua, Baba."

"Nilisema nikitoka hospitali nitachimbia fimbo nyingine."

Sote wawili tunajua kwamba hakutoka.

Anashika bisibisi, anajaribu kulegeza skrubu. Mkono wake unapita katikati ya chuma kama unapita kwenye moshi. Anajaribu tena. Mabega yanamtetemeka, na mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ile madaktari walipotuita pembeni. Mwisho wa korido Mama anatokea, amebeba chupa ya uji, kama alivyokuja kila asubuhi ya ugonjwa ule. Anakanyaga maji, anakuja. Hamwoni mumewe. Anakuja tu.

Baba ananigeukia.

"Mwambie mama yako simwiti," anasema. "Huu ung'oe."

Nanyoosha mkono nimshike, na ninachokishika ni ukuta wa chumba changu, baridi, na nje jogoo wanawika.

Mama alikuwa jikoni akikoroga chai. Nilimweleza ndoto yote nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuniuliza kwanza kuhusu waya.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Shati lilimbana."

Akafunika mdomo kwa upindo wa kanga. Chai ikafurika pale jikoni, hakuna aliyeiepua.

"Na akasemaje?"

"Hakuiti, Mama. Na ule waya aliouweka wa muda, niung'oe."

"Wa muda," akarudia. "Mwanaume yule! Mlango wa choo wa muda. Bati la banda la muda. Nimeishi naye maisha yangu yote kwenye nyumba ya muda." Akacheka, kicheko kikamkatikia katikati, akakaa chini kwenye kigoda akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi.

Nikamwambia friji, pasi na jiko havitawashwa mpaka nichimbie fimbo mpya. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kuzima swichi kubwa. Friji ikanyamaza, nyumba nzima ikanyamaza.

"Polepole," akasema nyuma yangu nilipokuwa nafungua kisanduku. "Usiukate. Ulegeze tu."

Nikalegeza skrubu za Baba, moja, halafu nyingine. Mama akanyoosha kiganja, nikamwekea ule waya. Akaufumba mkononi, akanitazama.

"Waya bado una joto," akasema.