Makala Marufuku, Isipokuwa Maharage

Tulipooana, mume wangu na mimi tulipanga vyumba viwili katika nyumba mpya huko Kilibula. Rangi ya kuta ilikuwa bado inanukia. Mwenye nyumba, fundi mstaafu wa magari, alikuwa ameijenga pole pole kwa miaka mingi, na alikuwa ameapa kwamba makala, ule mkaa wa kupikia, hayataingia humo. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeharibiwa na moshi mpaka dari ikafanana na chini ya sufuria.

Siku ya kutukabidhi ufunguo alisimama mlangoni, akawasha taa na kuizima ili tuone.

"Hapa ni umeme tu," akasema. "Kila mlango iko na reshô yake. Mbabula ya makala isipite pale langoni. Minye sitaki moshi."

Nilifurahi kuliko mume wangu. Nimekulia Kiringye, nikipuliza kuni mbichi huku kamasi na machozi vikinitoka pamoja. Reshô, jiko la umeme la kuwashwa kwa kidole, lilikuwa ndoto yangu.

Ndoto ilidumu mpaka bugali wa kwanza. Nilikuwa nimetia unga, nimeanza kusonga, umeme ukakatika. Nikabaki na uji mzito ambao haukuwa uji wala bugali. Jirani yangu, mama mjane aliyeuza samaki wadogo wa ndagala sokoni, akachungulia na kuniambia nijitwike sufuria, twende kuomba moto kwa watu wa ng'ambo ya barabara.

Tukazoea. Umeme ukikatika, wapangaji wote tulitoka kwa mstari, sufuria kichwani. Siku moja mzee mmoja wa kanisani alituona, akamuuliza mwenye nyumba kwa upole kama tulikuwa tunahama. Jioni ile ile tukaambiwa kwamba umeme ukikosekana, mbabula inaruhusiwa, lakini nyuma ya nyumba tu.

Ruhusa ya pili ilitokana na maharage. Maharage yetu hayana haraka. Tulipoyabandika wote kwa pamoja kwenye reshô, taa zilififia zikawa kama njiti za kiberiti, na televisheni ya mwenye nyumba ikazimika katikati ya mpira. Akatoka na kandambili mguu mmoja.

"Maharage mupikie makala," akasema. "Lakini maharage tu."

Kuanzia hapo mama wa ndagala hakupika kitu bila maharage. Mwenye nyumba alipoona mbabula ya mama huyo inawaka kila siku, akaja na kijiko kukagua.

"Hii ni sombe," akasema, akiinua majani ya muhogo kwa kijiko.

"Iko na maharage ndani."

Akakoroga kwa muda mrefu, akaibua punje moja.

"Mama, punje moja haifanye sombe kuwa maharage."

"Weye ulisema maharage, baba. Haukusema ngapi."

Akaondoka akiwa amesahau kijiko. Kwa siku kadhaa alikagua kila sufuria, nasi tukaanza kupika tukimwogopa kama mwalimu. Nilimhurumia pia. Jioni nilimwona akipitisha kiganja ukutani, kisha akikitazama kama kimechafuka.

Halafu mama mkwe wake akashuka kutoka milimani kuja kutibiwa magoti. Alikuwa mama wa wafugaji, mrefu, mpole wa sauti. Asubuhi ya kwanza aliletewa maziwa yaliyochemshwa kwenye reshô. Akaonja, akarudisha kikombe.

"Haya yamepata joto," akasema. "Hayajapikwa."

Akaomba mawe matatu. Akayapanga uani, chini kabisa ya dirisha la mkwe wake, akawasha kuni. Moshi ukapanda kwenye ukuta mweupe bila wasiwasi.

Sisi wapangaji tuliacha kazi zetu tukangoja. Mwenye nyumba akatoka, akaona, akasimama mbali, macho chini. Kwao mwanaume hamkaribii mama mkwe wake hovyo, sembuse kufunua sufuria yake.

"Mama," akasema, "hapo iko upepo."

"Ninaona, mwanangu. Unasaidia moto."

Akarudi ndani. Mama wa ndagala hakungoja. Alichukua sombe yake, akaenda kumsalimia mgeni, akaomba aiweke kando ya maziwa. Nami nikafuata na bugali. Kufikia saa sita, chakula cha nyumba nzima kilikuwa kwenye yale mawe matatu, na hakuna wa kukikagua.

Juma lililofuata fundi wa ujenzi alikuja na mabati, akajenga kibanda cha kupikia kwenye kona ya mbali ya uwanja. Mwenye nyumba alitukusanya, akatueleza kwa uzito kwamba sheria haijabadilika. Nyumba ni ya umeme. Kile cha pembeni si nyumba, kwa sababu hakina dari.

Tukahamishia mbabula zetu huko siku hiyo hiyo. Mama mkwe alikaa mpaka magoti yakapona, akakaa tena baada ya kupona. Mume wangu akapaka upya ule ukuta chini ya dirisha, na mwenye nyumba akamshikia ngazi, akimwonyesha kila mahali alipopasahau.