Daftari la Katekista

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi wa kupewa atunze, maana huku kwetu Kishapu mwenye mifugo mingi humgawia jirani. Maziwa unakunywa, samadi inakwenda shambani kwako, lakini ng'ombe si wako. Mgeni akimsifu tu, baba anamtaja mwenye ng'ombe, hata kiti mgeni hajampa bado. Sisi watoto tuliona aibu, tulitaka aonekane tajiri. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo la ng'ombe ndilo somo nililolishika.

Basi miaka ya sabini akaja kijana wa chuo kikuu, suruali ya bugaluu inafagia vumbi, kuandika habari za visima vyetu. Nikamwazima daftari la marehemu rafiki yangu, katekista, mtu wa Ushirombo aliyezunguka kwa baiskeli miaka mingi akiuliza na kuandika habari hizo hizo. Msomi wetu akajifungia siku sita chumba cha wageni. Alitoka kula kuku wetu tu. Kisha akaniletea kurasa zilizopigwa taipu, niweke dole gumba kwamba wazee tumemsimulia wenyewe. Bila dole hilo, alisema, mwalimu wake hampi shahada.

Nasoma polepole, lakini nasoma. Yalikuwa maneno ya katekista mstari kwa mstari, na katekista hatajwi popote. Nikafika kwenye kisima cha mtoni. Kijana kaandika kwamba wazee kumi na wawili wamemwambia kilichimbwa na babu yangu. Nikacheka. Huo uongo ni wangu mimi. Nilimdanganya katekista siku nimelewa, baadaye nikaona haya kuufuta. Kisima ni cha ukoo wa jirani, na yeyote achotaye maji pale angemwambia kijana huyu. Hakumuuliza hata mmoja. Mvivu hata wizi humshinda.

Nikamwambia, "Ng'wanone, mwanangu, mtaje katekista kila ulipomchukulia. Halafu nenda kaulize habari za kisima."

"Mzee, jina la marehemu litanisaidia nini?"

"Maziwa umekunywa. Sema ng'ombe ni wa nani."

Akakusanya kurasa zake, akasema anafuata kalamu chumbani. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, naiona. Nikabaki na daftari mapajani. Akaingia, akatoka na begi, akapita ghala la pamba bila kugeuka, akadandia lori la Shinyanga. Hajarudi mpaka leo.