Maji ya Siku ya Mvua

Kazi yangu ni kupima maji ya mto unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza na kuingia ziwani. Kila Jumanne ya pili nilichukua sampuli sehemu nne, ya mwisho ikiwa pale mto unapokutana na ziwa. Mimi ni mtu wa taratibu, na wenzangu maabara wananiona msumbufu. Chupa ya kupimia vimelea vya magonjwa haisuuzwi hata kidogo. Unaizamisha ikiwa imefungwa, unaifungulia chini ya maji, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, kisha moja kwa moja kwenye boksi la barafu. Aliyekosea nilimrudisha akachukue upya.

Mlangoni mwa mto alikuwepo mama mmoja wa kutoka Kagera, muuza chakula kwa wavuvi na wapakiaji. Maji ya kuoshea nyanya na kabichi za kachumbari aliyachota hatua chache kutoka niliposimama na chupa zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo yanasemaje?"

Nilimwambia majibu ya safari iliyopita: vimelea vya kinyesi vipo, ila vichache, kwa kuoshea si mbaya sana. Aliridhika. Wateja wakiguna alinisonta kwa mwiko: muulizeni huyo, ndiye mwenye vipimo. Nilipenda kusontwa, sitaficha.

Jumanne moja nikakuta meza yake tupu. Mkaanga samaki wa jirani akaniambia mjukuu wa yule mama, binti wa miaka minne aliyeshinda naye pale, amelazwa tangu jana kwa kuharisha. Nilichukua maji kama kawaida, na kesho yake majibu yakawa mazuri. Moyoni nikasema mtoto amekula uchafu kwingine. Nilijisikia vizuri kabisa kusema hivyo.

Nilipomkuta tena, mtoto alikuwa amerudi, amekonda, amelala kwenye kanga nyuma ya meza. Bibi yake hakuuliza majibu.

"Mwanangu, mbona siku ya mvua hatukuoni?"

Nikamweleza kwa kirefu, kama mwalimu. Mvua ikinyesha tunaahirisha, maana lebo zinalowa, kingo zinateleza, fomu hazijaziki. Tunasubiri maji yatulie ndipo tupime. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kukata vitunguu. Niliondoka nimeudhika, na njiani nikajua kilichoniudhi: miaka yote ile nilikuwa nimepima jua. Hakuna hata chupa moja ya mvua kwenye kabati letu la kumbukumbu.

Mvua iliyofuata ilinikuta ofisini, saa nane mchana. Nilivaa koti na mabuti nikaenda peke yangu. Pale mlangoni maji yalikuwa ya kahawia na yananuka. Nikapanda kufuata mto nikichukua sampuli kila mtaro mkubwa unapoingia, mpaka nikafika kwenye mtaro unaoshuka kutoka mlima wa mawe ninakoishi mimi.

Kule juu gari la kunyonya vyoo halipandi. Kwa hiyo kila shimo la choo lina bomba upande wa mteremko, limezibwa kwa matambara. Mvua ikikolea, matambara yanatolewa, mvua inasafisha, basi. Nyumba yetu ina wapangaji sita, na mwenye zamu ya kufagia uwanja ndiye anayefungua bomba. Hakuna anayeona haya. Nimeshafungua mara nyingi, huku nimeshika mwavuli, kisha nikanawa mikono kwa sabuni.

Kesho yake sahani za maabara zilikuwa zimejaa madoa ya vimelea. Sampuli za mlangoni na za mtaro wetu nikaziandikia "vingi mno kuhesabika". Kwenye fomu kuna sehemu ya chanzo cha uchafu, ambayo miaka yote niliijaza "hakijulikani". Safari hii nilikaa nayo muda mrefu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Sikusubiri Jumanne. Nilishuka kwa yule mama nikamkuta anaosha nyanya, nikamwambia aache.

"Maji yana kinyesi, mama. Mvua ikinyesha yanakuwa na kinyesi kingi sana, na mimi sikuwahi kuyapima."

"Kinatoka wapi?"

Ningeweza kusema milimani, na isingekuwa uongo.

"Kwetu. Tunafungua vyoo mvua ikinyesha. Ile mvua ya Jumapili, kabla mtoto hajalazwa, zamu ilikuwa yangu."

Alimtazama mjukuu wake, kisha akanitazama mimi. Akamwaga nyanya chini pamoja na maji yake. Ndoo ikabaki tupu, akanipa.

"Nenda kachote bombani," akasema. "Ni mbali, na foleni ni ndefu."

Nikaichukua ndoo, nikaenda.