Mifuko ya Mchele Mahali pa Bibi

Juzi nilishuka treni kitongoji cha Auburn, huku ughaibuni tulikokulia, kununua nyama, miguu ikanipeleka yenyewe hadi pale ilipokuwa karakana ya baba. Sasa ni maghorofa. Nilisimama kando ya barabara, nikajikuta naitafuta harufu ile ya zamani. Maana ukiniuliza utoto wangu ulikuwaje, nitakwambia ulinuka oili na nilikuwa naogopa.

Baba alikuwa fundi wa magari ya kifahari ya zamani, yale marefu yenye viti vya ngozi ambayo watu hukodi kwa harusi. Mwaka ule bibi, mama yake baba, alikuwa amepasuliwa mgongo, na daktari alionya kwamba mtikisiko mmoja mbaya ungeweza kumlaza kitandani moja kwa moja. Na shangazi, kitindamimba wake, alikuwa anaolewa mbali, Macquarie Fields. Bibi alisema atakwenda, hata kwa machela.

Mwenye gari mmoja akakubali lake litumike. Springi zilikuwa mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Baba akapunguza bamba moja kila upande wa nyuma ili lilainike, kisha tukaenda kulijaribu. Mahali pa bibi aliweka mifuko ya mchele yenye uzito wake, mama akaifunga kwa kanga, nami nikaketi kando kuishika.

Mwanzoni ilikuwa raha, kama kukalia godoro la sufi. Kisha tukapita tuta. Gari likapanda, likashuka, likapanda tena, halikutaka kukoma. Mifuko ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni kwa kishindo, mmoja ukapasuka. Niliutazama mchele uliomwagika miguuni pangu, nikamwona bibi. Nililia hadi nyumbani.

Baba hakugomba. "Springi hubeba, shokapu hutuliza," alisema, kama alivyozoea kusema. Shokapu zilikuwa zimechoka. Akazifungua, akatia oili nzito zaidi, akarudi barabarani, akazifungua tena. Mimi sikwenda naye.

Bibi alipopata habari alicheka.

"Kumbe mwanangu ananipima kama mchele wa dukani."

"Afadhali mchele, Mama," baba akajibu. "Haunifundishi kuendesha."

Asubuhi ya harusi nyumba nzima ilinukia udi na maandazi, nami andazi langu nikaliacha sahanini. Nilimwomba bibi abaki. Nilimwomba kwa Kiingereza, kama nilivyojibu kila kitu siku hizo.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "kama unaogopa, nishike mkono. Lakini twende."

Tukaenda. Nilikuwa nikiangalia barabara kuliko baba mwenyewe. Tuta lilipofika, gari lilipanda, likashuka mara moja, likatulia. Bibi alikuwa amefumba macho. Nikanong'ona, "Bibi?"

"Usinivunje vidole," alisema. "Tumeshapita."

Alimwona bintiye akiozwa, akala pilau, akawasema wapishi, akarudi nyumbani na mgongo wake mzima.

Lile gari liliuzwa, sijui liko wapi. Baba ameacha ufundi, magoti yamekataa. Na bibi alifariki miaka michache baada ya harusi, kwa maradhi ya figo, ambayo hakuna hata mmoja wetu, wala mimi, aliyekuwa amefikiria kuyaogopa.