Usiitikie Mpaka Mara ya Tatu

Nilipokuwa mtoto wa nywele za mabutu mawili na magoti yasiyokauka vidonda, nyumbani kwetu mtaa wa Amani palikuwa na sheria moja: magharibi ikiingia, mtu akikuita kutoka nje, usiitikie. Si mara ya kwanza, wala ya pili. Binadamu mwenye haja nawe atakuita mara ya tatu, bibi alisema, lakini wale wengine hawana ya tatu. Hao wengine ni nani, hakutwambia. Ukimuuliza anakusonya.

Bibi alikuwa mama yake baba, mzaliwa wa Makunduchi, mfupi, mkali, mkunga wa mtaa mzima. Nusu ya wanaume waliokuwa wakipita mbele ya baraza yetu wakijitia ukubwa aliwapokea yeye kwa mikono yake na kuwaosha, na hakuacha kuwakumbusha. Akimwita mtu, hata mwenye mvi, huyo mtu anasema "Naam" na kusimama. Ndivyo tulivyolelewa sote. Naam ilikuwa inatutoka kabla hatujajua tunaitiwa nini, ndiyo maana sheria ile ya magharibi ilitushinda watoto. Ilimshinda na baba pia.

Baba alikuwa fundi cherehani, na mchezo ulimjaa mwilini. Nyumba nyengine mtoto akishindwa hesabu anapigwa. Kwetu alipandishwa juu ya meza ya kukatia nguo. Baba anakanyaga cherehani, nami naimba kwa mdundo wake saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, na nikikosea analisimamisha gurudumu kwa kiganja na kunitolea ulimi. Vitambaa vilivyobaki alinishonea paka wa miguu mitano, eti wa tano ni wa akiba. Na kila sare ya shule aliyoshona, alitia samaki mdogo wa uzi mwekundu ndani ya mfuko, mahali ambapo ni kidole cha mwenyewe tu kitamgundua. Watoto wa mtaa mzima walitembea na samaki mifukoni na wazazi wao hawajui. Mimi nilijiona binti wa mfalme, wallahi.

Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipotuambia kila mmoja alete kitu alichokitengeneza kwa vitu vya kutupwa, na kiwe na hesabu ndani yake. Baba alifurahi kuliko mimi. Siku hiyo hiyo upepo wa Kusi ulikuwa umeuvunja mwavuli wa bibi, na kabla bibi hajaamua kuusikitikia, baba ameshaufumua.

Tukatengeneza tiara, kishada cha kurusha kwa uzi. Kitambaa cheusi cha mwavuli kikawa mbawa, vyuma vyake vyembamba vikawa mifupa, matambara yakawa mkia. Mdomoni baba alifunga utepe wa kaseti mbovu ili tiara ivume ikipaa. Katikati, kwa chaki ya fundi, nilichora miraba na kuandika jedwali zima la kuzidisha, na kwenye pembe baba akatia samaki wake mwekundu. Nilipomaliza tuliisimamisha ukutani tukaitazama, na baba akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima.

Lakini wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Popobawa alikuwa amerudi, au watu walisema amerudi. Shetani huyo mwenye mbawa, wanasema, anawakaba watu usingizini na kuwadhalilisha kwa namna ambayo wakubwa walishusha sauti wakiisema. Familia nzima nzima zililala nje kwenye mikeka, taa zinawaka. Wanaume walitembea na bakora, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kila mgeni aliyepita mtaani aliulizwa anakwenda wapi.

"Khatibu," bibi alimwambia baba, "wakati huu hakirushwi kitu cheusi."

"Mama, si mwavuli wako huu?"

"Mwavuli wangu haukuwa na mkia."

Baba akacheka. Mama angekuwepo labda angemzuia, lakini mama alikuwa Paje, dada yake kajifungua. Basi alasiri tukatoka, mimi na baba, mpaka kwenye kiwanja karibu na uwanja wa mpira, tukairusha.

Jamani, ilipaa! Mpaka leo kifua kinanijaa nikiikumbuka. Ilipanda juu ya mapaa ya mabati, ikavuma sauti nzito inayosikika mpaka barabarani, na namba zangu nyeupe zikawa zinaonekana na kupotea. Baba aliniachia uzi mikononi akakimbia chini yake akipiga makofi, mtu mzima na ndevu zake. Kisha uzi ukakatika. Tiara ikayumba, ikavuma vibaya, ikaangukia upande wa nyumba yetu, nyuma ya mapaa.

"Tutaitafuta kesho," baba alisema. "Imekwenda kujifunza njia."

Haya yafuatayo niliyajua baadaye. Tiara iliangukia uani kwa Suwedi, muuza mkaa, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mcheza bao mwenzake baba. Mkewe usiku uliopita aliamka akipiga mayowe, hawezi kuvuta pumzi, na tangu hapo hajatia kitu kinywani. Sasa kinamwangukia mbele yake kitu cheusi chenye mbawa, kinavuma, na katikati kimechorwa miraba yenye namba. Miraba ya namba kwetu si mambo ya shule tu. Waganga huandika hivyo hivyo talasimu zao, za kinga na za kudhuru. Suwedi akaigeuza kwa fimbo, akaona samaki mwekundu. Mtoto wake alikuwa amekwisha kumwonyesha yule wa mfukoni mwa sare, basi akajua ni kazi ya nani.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Baba yuko uani anatawadha, mikono inachuruzika maji. Bibi ameshaanza kusali chumbani, mlango wazi. Mimi nimekaa kwenye kigoda namngojea baba tusali pamoja. Sauti ikaja kutoka nje.

"Fundi Khatibu!"

Bibi alipiga kofi. Mwanamke aliye ndani ya sala hawezi kusema, hupiga kofi kuonya. Alipiga mara moja, kwa nguvu, na nilijua maana yake.

"Naam!" baba akaitikia, naye ameshafika mlangoni.

Walijaa baraza nzima mpaka njiani. Suwedi alikuwa mbele, ameining'iniza tiara yetu kwenye ncha ya fimbo, mkono kaunyoosha mbali na mwili wake.

"Hii yako?"

Baba, maskini wa Mungu, alitabasamu. Alidhani wameirejesha.

"Yangu hiyo. Mwanangu atafurahi kweli."

Bakora ya kwanza ilimpata mdomoni. Nilisikia meno. Kabla hajainua mkono, wakamshika fulana, wakamvuta, akaanguka kwenye ngazi ya baraza, na baada ya hapo sikumuona baba, niliona migongo. Fimbo zilipanda na kushuka. Mtu mmoja alikuwa na mnyororo wa baskeli. Mwengine alimpiga kwa kiatu, kakishika mkononi, anapiga na kulia, anasema, "Mke wangu naye! Mke wangu naye!" Walikuwa wakipiga kelele mchawi, mchawi, na katikati ya kelele hizo sauti ya baba ilikuwa ikisema, "Ya shule. Ya shule." Maneno yalikuwa yanatoka na damu.

Mtu akasema, "Mkono ulioandika ndo huo!" Wakauvuta mkono wake wa kulia, wakauweka juu ya ukingo wa baraza, na mwengine akaja na tofali.

Nikapenya miguuni mwao. Nikapiga kelele, "Nimeandika mimi! Mimi ndo niloandika! Saba mara moja saba! Saba mara mbili kumi na nne!" Nilikuwa naimba hesabu kwa sauti yangu yote, ili wajue ni hesabu tu. Saba mara tatu! Saba mara nne! Mtu akanitazama, macho yamemtoka, akasema, "Kashamfundisha na mtoto," akanipiga kofi lililonibamiza ukutani. Tofali likashuka. Likashuka tena. Baba hakupiga ukelele nilioujua. Ilikuwa sauti nyengine kabisa.

Sijawahi kumuona bibi akikata sala, kabla ya siku ile wala baada yake. Aliikata. Alitoka na buibui lake la kusalia na mchi wa kinu. Alimpiga mwenye tofali kwenye mkono, nikausikia mfupa. Akampiga mwenye mnyororo gotini, akakaa chini. Mchi ule ulikuwa mrefu kuliko yeye. Wengine wakageuka wamkabili, bakora juu, na nikajua sasa wanamuua na yeye.

"Suwedi!" bibi akaita.

Na Suwedi, bakora mkononi, damu ya baba imemrukia shingoni, akaitikia.

"Naam, bibi."

Ilimtoka tu. Alisimama wima kama mtoto aliyeitwa kutumwa dukani. Bibi akamwita wa pili kwa jina lake na la mama yake, naye akaitikia. Akamwita wa tatu. Kila aliyeitika bakora yake ilishuka. "Nimekuosha mimi," alikuwa akisema, "na wewe, na wewe mshenzi ulitoka miguu mbele nikakugeuza. Hamna haya! Nendeni zenu!" Mate yalikuwa yanamruka. Wakaondoka mmoja mmoja, hawatazamani, wakaiacha tiara imekanyagwa mlangoni.

Baba hakufa. Alilala hospitali mpaka mama akachoka kulia. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu, na vidole vya mkono wa kulia vikaungana vibaya, vikagoma kukunjika. Mke wa Suwedi akapata nafuu, msimu ule ukapita, watu wakarudi kulala vitandani mwao. Kisha wale waliompiga wakaja na wazee kuomba radhi. Suwedi alipiga magoti, akalia kweli. Baba akamwambia, "Nimekusamehe, dunia na akhera," akamwagizia chai. Mimi ndiye niliyetumwa kuileta. Niliitemea mate jikoni, nikaikoroga sukari, nikampelekea. Sijutii mpaka kesho.

Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama najilaumu kwa kuziandika zile namba. Sijilaumu hata chembe. Nilikuwa mtoto nafanya kazi ya shule na baba yangu. Wanaopaswa kujilaumu nawajua kwa majina, na wengine bado wananisalimia sokoni.

Kitu walichokiua siku ile ni kingine. Baba alijifundisha kukata nguo kwa mkono wa kushoto, akarudi kazini, lakini samaki hakuwatia tena. Sare zilitoka safi, zimenyooka, mifuko mitupu. Hakunipandisha mezani. Na ukimwita, hata mchana, hata mimi, alikaa kimya kwanza. Baba. Kimya. Baba. Kimya, jicho lile zima linautazama mlango. Mara ya tatu ndiyo anaitikia, na haitikii naam, anauliza nani. Nilimaliza shule, nikaolewa, nikawa mwalimu wa hesabu, bibi akafariki na kuniachia mchi wake, na baba bado anauliza nani.

Sasa anakaa nasi Mbweni. Mwanangu Salha hajui kitu, sijamwambia. Yeye amejionea tu kwamba babu haitiki mpaka mara ya tatu, akadhani huo ni mchezo wa babu. Basi akauchukua akauchezea. Ya kwanza anamwita kwa sauti ya mbuzi. Ya pili kwa sauti ya muuza samaki, puani. Ya tatu kwa sauti yangu mimi, nikiwa nimekasirika. Mwanzoni nilitaka kumkataza. Kisha siku moja nikamuona baba, ya pili imeshaitwa, anakaza midomo kwa nguvu, mabega yanamtikisika. Alikuwa anajizuia kucheka.

Nikafikiri sana juu ya bibi. Alisema kweli, wale wengine hawana ya tatu. Suwedi aliita mara moja tu. Lakini mbawa sikuziona. Niliowaona walikuwa watu wanaonunua maandazi dirisha moja na sisi, wenye samaki wa baba kwenye mifuko ya watoto wao. Nilidhani bibi anatukinga na mashetani. Nadhani yeye alikuwa anajua mtaa wake.

Juzi magharibi nilikuwa jikoni natwanga kisamvu. Baba amekaa ukumbini, tasbihi mkononi. Nje, Salha akaita mara moja, kwa sauti yake mwenyewe.

"Babu!"

"Naam!" baba akaitikia.

Ilikuwa naam ile ile, nyepesi, ya haraka. Sijui nilifikaje mlangoni. Nilijikuta nimesimama mbele ya baba, mchi wa bibi nimeunyanyua kwa mikono miwili, na nje hakuna mtu ila mwanangu, mdomo wazi, ameshika tiara ya mfuko wa plastiki.

"Haina mkia," Salha akasema, anautazama mchi.

"Shusha huo, mwanangu," baba akaniambia taratibu. "Ananiita mimi."

Nikaushusha. Lakini sikuurudisha jikoni, niliusimamisha nyuma ya mlango. Baba aliona. Akampokea Salha tiara kwa ule mkono wake usiokunjika, akaigeuza geuza, akamuuliza anataka mkia wa rangi gani.