Fundi Anayepima Baridi kwa Mkono wa Salamu

Saa nne asubuhi, nje jua la Oktoba linachoma Tabora mjini. Ndani ya jengo la ofisi la ghorofa tatu, Minza Ngassa, fundi wa viyoyozi, anapita meza kwa meza akimpa kila mtu mkono.

Mgeni angedhani anagombea udiwani. Kumbe yuko kazini.

"Mtu atakwambia hajambo, huku vidole vimeganda," anasema mama huyu wa watoto wawili, mzaliwa wa Puge wilayani Nzega.

Mazoea hayo aliyapata kwa shida. Mwaka jana, akiwa kwenye majaribio kwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, malalamiko yalimwandama. Hawa wanatetemeka, wale wanatoka jasho, rimoti inafichwa kwenye droo. Meneja wa jengo, Erasmus, akamwambia waziwazi kwamba kelele zikiendelea mwezi mmoja zaidi, mkataba asahau.

Minza alikuwa akitazama namba tu. Mashine ilisoma nyuzi ishirini na mbili kila siku, naye akashikilia kwamba watu wanadeka.

Hadi alipomwamkia Benigna, mtunza majalada kutoka Ulyankulu, aliyejifunika kitenge mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishike vizuri."

Mkono ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kuteka maji alfajiri. "Niliona aibu," anakiri Minza. "Mama wa watu anaumia, mimi namsomea namba."

Siku hiyo alisalimia ofisi nzima. Akagundua kwamba wenye mikono ya baridi walikaa safu moja, chini ya kiyoyozi. Wenye jasho walikaa kwenye madirisha ya mashariki. Akaelekeza upepo juu, akahamisha meza tano, akaomba mapazia, akapandisha namba hadi ishirini na tano.

Kelele zikaisha. Erasmus akampa mkataba wa miaka miwili.

"Sasa nachapa kazi, magoti hayaniumi," anasema Benigna.

Lakini mganga hajigangi. Nyumbani kwake Ipuli, Minza analala na joto chini ya bati tupu. Mshahara wa mkataba umeanza kununua dari, chumba kimoja kwa wakati.

"Cha watoto kimekwisha, changu mwakani," anasema akicheka. "Zamani walikuwa wanaamka kuomba maji usiku kucha. Siku hizi naenda kuwaangalia, nakuta wamejifunika shuka."